Bei Iliyosikika Jumuiyani

"Ulibonyeza makusudi."

"Makusudi ya nini, Mama Jeannine? Nilikuwa natafuta wimbo wa kufungulia. Ujumbe ukashuka juu ya kioo, kidole kilikuwa kimeshafika."

"Kidole chako kinajua njia," Gaudiose alisema.

"Basi kikate." Pelagia alikipitisha kidole chenyewe juu ya uzio wa mabati uliotenganisha nyua zao mbili. "Chukua kisu ukikate, roho yako itulie."

Ilikuwa saa moja asubuhi, Alhamisi, pale Nsemulwa. Kwenye bomba la mtaa, hatua kumi kutoka kwenye uzio, foleni ya ndoo ilikuwa imesimama ingawa maji yalikuwa yanatoka vizuri tu. Ndoo moja ilijaa ikamwagika, na mwenyewe hakuiondoa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jana yake jioni jumuiya ya kanisa ilikutana kusali kwa Bibi Agatha. Simu ya Pelagia ndiyo inayopiga nyimbo, imeunganishwa na kile kispika chekundu ambacho Bibi Agatha hukipakata kama mjukuu. Watu walisimama kuimba, na badala ya kinanda ikatoka sauti ya msichana wa Dar es Salaam, laini, ya mtu anayekaa kwenye kiyoyozi: "Habari yako dada Gaudiose, picha zako tumezipata na daktari amezipitia. Kunyanyua matiti yote mawili baada ya kunyonyesha ni milioni tisa na laki mbili. Hiyo ni bei ya ofa, mwisho Jumamosi, ukilipa nusu tunakuwekea nafasi. Ila daktari anauliza, umemaliza kuzaa? Kwa sababu ukibeba mimba nyingine kazi inaweza kuharibika."

Pelagia alipapasa simu, akazima kioo, sauti ikaendelea. Spika ilikuwa mapajani mwa Bibi Agatha, ambaye hakujua kitufe kiko wapi, na wengine wanasema hakuwa na haraka ya kukijua. Watu ishirini na mmoja walisikia. Mmoja wao alikuwa Salvatori, mume wa Gaudiose, katibu wa jumuiya, aliyekuwa amekaa na daftari la mahudhurio. Ilipofika pale pa kuzaa, Bibi Agatha akaanzisha Salamu Maria kabla ya wakati wake, watu wakaitikia kwa nguvu kuliko siku zote.

"Nilikupa siri, ukaipeleka kanisani," Gaudiose alisema.

"Siri ulinipa mwenyewe. Simu yako ya vitufe haipigi picha ya maana. Nani alikuja kwangu akafunga mlango, akasema Mama Optatus nipige hapa, na hapa, na kwa ubavu? Nilikataa? Nilicheka?"

"Ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu ulisimama kama unapigwa picha ya kitambulisho."

Mtu mmoja bombani alikohoa. Gaudiose aliweka ndoo chini.

"Sikia, Mama Optatus. Haya matiti unayoyaona yanatangazwa bei wamenyonya watoto wanne wa kwangu. Na wa tano ni wako. Miezi minne umelala hospitali, Optatus alikuwa hapa kifuani, upande mmoja yeye, upande mwingine Patrick wangu. Sikukudai sabuni."

Kwa Pelagia, mwanamke wa Kipimbwe aliyezoea kushinda ugomvi kabla ya chai, ule ulikuwa msiba mdogo. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Foleni ya bombani ikasogea.

*

Salvatori anaendesha mashine ya kusaga. Siyo yake, analipwa kwa debe. Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba huwezi kujificha. Kila nyumba inakula ugali, kwa hiyo kila nyumba itakuja.

Saa tatu walishafika watu saba. Mmoja, dereva wa bajaji anayeitwa Onesphore, aliegemea mlango na mfuko wake wa mahindi, akasubiri mashine izimwe ndipo aongee.

"Katibu, habari za jumuiya?"

"Nzuri."

"Nasikia mnafanya ukarabati."

Wengine walitazama chini, mabega yakitikisika. Salvatori alikung'uta unga kwenye nyusi.

"Lete mahindi."

"Nauliza tu, kaka. Milioni tisa ni bajaji ya mtumba na chenji. Mimi ningenunua bajaji, halafu mama watoto nimwambie avumilie."

"Wa kwako anavumilia mengi," alisema mama mmoja aliyekaa juu ya debe lake. "Anakuvumilia wewe."

Kicheko kikamgeukia Onesphore, Salvatori akapata nafasi ya kuwasha mashine. Lakini ndani ya ule mngurumo hakuwa anafikiria bajaji. Alikuwa anafikiria sauti ya yule msichana ilipouliza kama wamemaliza kuzaa, na jinsi watu ishirini walivyomtazama yeye, siyo mke wake. Walimtazama kama mtu anayetakiwa kuwa na jibu. Hakuwahi hata kujua kwamba swali lipo.

*

Sokoni Gaudiose anauza sidiria za mtumba. Anajulikana kwa jicho lake. Mwanamke akiwa bado yuko kwa muuza nyanya, Gaudiose ameshajua saizi yake na ameshaifukua kutoka kwenye rundo. Zile ngumu, za sponji, anazining'iniza juu, zinauzwa mapema. Na yeye mwenyewe huvaa mbili, ya kubana chini na ya sponji juu, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, kwa sababu hakuna anayenunua sidiria kwa mtu aliyelegea kifua.

Alhamisi hiyo alijua watakuja kumcheka. Walikuja, ila siyo kucheka.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alishika sidiria nyeusi, akaipindua, akaivuta mpira.

"Hii shilingi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na ile," akainama kidogo, "ile ya Dar, ni tisa kamili au kuna kupungua?"

Wa pili alitaka kujua kama wanakata au wanavuta. Wa tatu, binti mwenye mtoto mgongoni, aliuliza kama inauma, akaondoka kabla ya kujibiwa. Mchana akaja Bibi Agatha mwenyewe, miaka sabini na kitu, akakaa kwenye belo la mtumba bila kukaribishwa.

"Mjukuu wangu, pole na jana."

"Asante, bibi. Kile kispika kina kitufe pembeni."

"Nimeonyeshwa." Bibi alipapasa kifua chake juu ya kanga. "Mimi nilinyonyesha kumi. Yakaisha. Babu yenu akasema ndiyo yamefanya kazi. Nilifurahi, nikaona nimesifiwa. Ila hakuna siku niliyoulizwa kama nayakumbuka."

"Bibi nawe unataka namba?"

"Nikafanye nini nayo, kaburini wanaangalia?" Alicheka mpaka akashika mbavu. "Lakini niambie, milioni tisa unaitoa wapi?"

Hapo ndipo Gaudiose aliposema kwa sauti yale ambayo alikuwa akiyasema kichwani usiku kucha. Kwenye kikoba ana milioni mbili na laki tisa. Kizimba hiki cha kona anachouzia, Masele, yule Msukuma wa jirani, amekitaka siku nyingi ili aunganishe na cha kwake. Hela ya kumwachia mtu kizimba, ambayo watu wa soko wanaiita kilemba, walikubaliana milioni tano. Mzigo uliobaki ni milioni moja na kitu. Ikikusanywa yote inafika tisa na laki mbili, karibu kabisa. Lakini bado nauli ya kwenda na kurudi. Bado chumba cha kulala wiki tatu. Bado dawa. Na wiki sita asinyanyue kitu kizito.

"Na kuna sidiria maalumu ya kubana, lazima ununue kwao," alisema. "Laki na nusu moja. Wanataka mbili."

Bibi Agatha alitazama rundo la sidiria lililowazunguka pande zote.

"Laki na nusu," alirudia.

"Moja, bibi."

"Ukirudi utauza nini, na kizimba umempa Msukuma?"

Gaudiose alikunja sidiria moja ambayo haikuhitaji kukunjwa.

*

Jioni, kabla giza halijaingia, Salvatori alikuwa uani ananawa unga. Jeannine, binti yao mkubwa, alikuwa jikoni anatwanga majani ya muhogo, na mtwangio ulisaidia kuficha maneno.

"Milioni tisa," Salvatori alisema.

"Na laki mbili."

"Na laki mbili." Alijimwagia maji shingoni. "Ningejua kwanza kutoka kwako ingekuwa vizuri. Siyo kwenye spika."

"Nilikuwa nasubiri bei. Ningekuja na kitu gani, bila bei?"

"Mimi nimewahi kulalamika?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

"Hujalalamika kwa sababu hujatazama. Miaka mitatu sasa unazima taa kwanza, ndiyo unavua shati."

"Nazima kwa ajili ya luku."

"Luku."

"Umeme umepanda, Mama Jeannine. Unajua mwenyewe."

Gaudiose hakutaka kucheka, kicheko kikamtoka puani. Salvatori naye akatabasamu kidogo huku maji yakimchuruzika kidevuni, na kwa dakika moja walikuwa watu wawili waliooana Katumba wakiwa na baiskeli moja na godoro la kuazima.

"Siyo kwa ajili yako," Gaudiose alisema. "Usifikiri nakulaumu. Nafunga sidiria mbili kila siku, jua la mwezi wa kumi, mbili. Mabega yamechimbika. Nimewavalisha wanawake wa mji huu wote, nikirudi nyumbani nikivua, najiona kama nimemuibia mtu kifua mchana kutwa. Nina miaka thelathini na tano. Nataka kuvua nguo nikajiona mimi. Ndiyo hiyo tu."

Salvatori alichukua taulo, akalikung'uta, akalirudisha kwenye kamba bila kujifuta.

"Na lile lingine waliloliuliza," Gaudiose alisema.

"Lipi?"

"Unalijua."

"Mama aliniuliza idadi ya watoto, siku ya ubatizo wa Lidia wetu mdogo," Salvatori alisema polepole. "Nikamwambia sita. Kwetu tulikuwa tisa, nikaona sita ni kidogo."

"Sita atazaa nani?"

Mtwangio jikoni ukasimama. Wote wawili wakasubiri. Ukaanza tena.

"Lidia alinimaliza chupa mbili za damu," Gaudiose alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unakimbia kuzitafuta, umevaa kandambili mbili za kushoto. Nilipotoka pale nikajua nimemaliza. Nilidhani na wewe ulijua."

"Sijasema lazima."

"Wala hujasema imetosha. Mwalimu sokoni ameniuliza bei, daktari wa Dar ameniuliza kuzaa, mpaka binti mmoja mwenye mtoto mgongoni ameniuliza kama inauma. Wewe hujaniuliza."

"Ego," Salvatori alijibu, neno la kwao linalomtoka akichoka. Lilikuwa ndiyo, lakini siyo ndiyo ya kukubali. Ilikuwa ya kusikia. Akaenda kufunga banda la kuku, na usiku ule hawakurudi kwenye jambo hilo.

*

Jumamosi Masele alikuja saa saba mchana, amevaa koti, na begi dogo begani. Gaudiose alimwekea kiti chini ya upenu. Salvatori alikuwa amerudi kula, akasimama mlangoni. Ng'ambo ya uzio Pelagia alikuwa anaanika nguo, taratibu sana. Tangu Alhamisi hakuna neno lililopita juu ya yale mabati.

"Dada yangu, nimekuja na hela yako," Masele alisema, akalipiga begi. "Milioni tatu na nusu. Taslimu."

Gaudiose alidhani hakusikia vizuri.

"Tulisema tano, Masele."

"Tulisema tano mwezi uliopita. Mwezi uliopita ulikuwa unauza kizimba. Leo unatafuta nafasi ya daktari, na mwisho ni leo. Usinichukie, mimi mfanyabiashara. Mji mzima unajua saa yako."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa ukweli. Na lilikuwa kweli. Nusu ya bei ilikuwa milioni nne na laki sita. Ukijumlisha hizi na za kikoba, nusu inapatikana, tena na za nauli juu. Gaudiose alilitazama begi. Lilikuwa karibu kiasi kwamba aliona uzi uliofumuka kwenye zipu. Angeweza kusema sawa, na kesho kutwa angekuwa kwenye basi. Nusu ya pili ingetoka wapi, hiyo angeijua mbele ya safari.

Simu ikalia ng'ambo ya uzio.

Pelagia aliitazama, akaja mpaka kwenye mabati, akainyoosha bila kusema kitu. Gaudiose hakunyanyuka. Salvatori ndiye aliyevuka ua akaipokea.

"Halo," alisema. "Hapana, mimi mume wake. Salvatori." Akasikiliza. Akageuza mgongo kidogo, lakini ua ule ni mdogo na kila mtu alisikia. "Ndiyo, tunakumbuka ni leo. Subiri. Kuna kitu daktari aliuliza, hatukumjibu. Ile ya kuzaa. Mwandikie tumemaliza."

Akasikiliza tena.

"Ndiyo, nina uhakika. Watoto wanne wanatutosha. Mama yangu nitaongea naye mwenyewe. Hapana, huyo usimwandike, nakwambia tu. Ya hela, ongea na mwenyewe."

Alimpa mke wake simu. Gaudiose aliishika bila kuipeleka sikioni. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na hakutaka Masele ayaone, kwa sababu Masele angepunguza tena laki tano.

"Dada," alisema hatimaye kwenye simu. "Ya hela bado. Leo sitalipa." Akasikiliza. "Najua ofa inaisha. Mwakani ikipanda tutaisikia. Nitakupigia baada ya mavuno, na nitapiga kwa simu yangu. Ukipigiwa na hii usiongee kitu, hata salamu."

Akakata. Akamgeukia Masele.

"Rudi na hela yako. Nikitoka Dar nitauza nini? Kizimba hakiuzwi."

"Dada, tatu na laki nane. Naongeza na zile za mfukoni."

"Hakiuzwi hata kwa tano."

"Hata tano?" Sauti ya tatu ilitoka juu ya uzio, na kidole kikaja pamoja nayo. "Kile kizimba cha kona, Masele, kinapata wateja wa njia mbili. Ulikuwa unamwibia tangu hiyo tano. Unasikia mtu ana shida unakimbia na kibegi. Huna haya wewe? Mke wako ananunua wapi sidiria, si pale pale?"

"Mama Optatus, haya hayakuhusu," Masele alisema.

"Yananihusu. Mimi ndiye niliyemharibia, nami nasema tano ilikuwa wizi. Mngeulizana bei na watu wa soko. Sita na nusu, hapo tunaongea."

"Kizimba hakiuzwi, mama," Salvatori alimkumbusha.

"Najua hakiuzwi. Nataka ajue bei ya kitu alichokikosa."

Masele alivaa begi lake, akaaga kila mmoja kwa adabu, hata uzio aliuaga, akaenda kutafuta bodaboda. Jeannine alitoka jikoni na sinia la ugali, akalitua kwenye mkeka, kisha bakuli la majani ya muhogo na samaki migebuka wawili wa kukaanga. Watoto wao Patrick na Alex walikuja kunawa bila kuitwa, Lidia akaja na kijiko chake. Salvatori alimsogezea mke wake mahali, akammegea Lidia tonge akalipoza kwa pumzi.

Ng'ambo, Pelagia alikuwa bado amesimama, mikono juu ya mabati, hana tena nguo ya kuanika. Simu yake ilikuwa upande huu. Alitaka kuiomba, akaona aibu, akatazama pembeni kama mtu anayesubiri basi.

Gaudiose alinawa, akajipangusa kwenye kanga. Alimega tonge la kwanza, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Utauangusha huo uzio, Mama Optatus," alisema. "Zunguka mlangoni. Njoo ule."